Spika za kampa (gari la kulala safarini) zinavuma? Anza na waya wa hasi

Kabla hujanunua kichujio chochote cha kelele, sikiliza sauti yenyewe. Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta unatoka kwenye alternata, jenereta ya injini inayochaji betri. Mvumo mzito usiobadilika, unaokuja ukichomeka umeme wa nje tu, ni ule wa 50 au 60 Hz. Mlio mwembamba na injini imezimwa? Zima kimoja kimoja: inveta, kidhibiti cha sola, dima ya taa za LED.

Kisha zima amplifaya, chomoa nyaya za RCA (zinazoleta sauti kutoka redioni), iwashe tena. Ikinyamaza, tatizo liko redioni au njiani.

Mara nyingi mchawi ni hasi. Redio imeungwa kwenye dashibodi, amplifaya nyuma kwenye bodi la gari, na tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu hizo mbili inapita kwenye ganda la RCA, ndiyo unayoisikia. Weka mita kwenye DC, muziki ukiwa juu, pima kutoka hasi ya amplifaya hadi hasi ya betri. Ikizidi 0.1 V, waya ni mwembamba au boliti imekaa juu ya rangi. Kwangua hadi chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, paka grisi juu. Hasi ya redio nayo ilete hapo hapo.

Simu inayochajiwa huku inacheza kwa waya wa AUX ni kesi nyingine: transfoma ya kutenganisha ya 1:1 inatosha, ingawa zile za bei rahisi hula besi.

Alternata ipime kwa AC kwenye betri, injini ikiwa inawaka. Zaidi ya 0.5 V, shuku daiodi, usihangaike na spika.