Shanga za alginati na mafuta ya karafuu: hatimaye hazilainiki

Fungu la tano la shanga za alginati (unga wa mwani unaoganda kuwa jeli ukikutana na kalsiamu) limelala usiku kucha na asubuhi shanga bado ngumu! Manne yaliyotangulia yalitoka kwenye beseni la kalsiamu kloridi yakiwa imara kabisa, lakini kulipokucha shanga zilikuwa zimevimba, zinapasuka kwa kubonyezwa tu, na maji ya kusuuzia yananuka karafuu tupu. Yaani mafuta yaliyotakiwa kutoka taratibu ndani ya pipa la kunde, kufukuza fukusi, yalikuwa yanaishia kwenye ndoo.

Vipimo havijabadilika: alginati ya sodiamu gramu 2 kwa mililita 100 za maji ya betri (yale yasiyo na asidi), mafuta ya karafuu mililita 2, Tween 80 (ya kuchanganya mafuta na maji) mililita 0.4. Bomba la sindano la mililita 10, sindano ya geji 21, sentimita 8 juu ya beseni. Ukishusha, shanga zinaota mkia. Ukipandisha sana, zinabapa. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo bomba likikaa wima muda mrefu shanga za kwanza hujaa mafuta na za mwisho hubaki tupu. Blenda ya mkono achaneni nayo. Inajaza mapovu na shanga zinaelea. Mwiko, kisha mchanganyiko utulie.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kalsiamu kloridi. Kwa unyevu wa Dar, kopo likibaki wazi kidogo tu chumvi inalowa, na gramu unayopima ndani yake kuna maji. Dozi ikaongezwa mara mbili. Shanga zikatoka ngumu zaidi, asubuhi zikalainika vilevile.

Ndipo vikawekwa vikombe vitatu, shanga 20 kila kimoja, zote za fungu moja: maji ya betri, maji ya kisima (ndiyo yaliyokuwa ya kusuuzia), na maji ya kisima yaliyotiwa kalsiamu kloridi asilimia 0.2. Zilizovimba ni za kikombe cha kati peke yake. Kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kilisoma 2,600 (miligramu kwa lita) kwenye maji hayo ya kisima. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na sodiamu yake huingia kwenye jeli na kuing'oa kalsiamu inayoshikanisha nyuzi za alginati. Kipimo hicho kidogo cha TDS kina faida kuliko kifaa kingine chochote mezani, ukiacha mizani ya gramu 0.01.

Sasa shanga zinasuuzwa dakika moja tu, kwa maji ya betri yenye kalsiamu kloridi asilimia 0.2, halafu moja kwa moja kwenye feni, kivulini. Juani yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, inaruka.

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa kuzivika utando wa kitosani, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba, kutoka soko la samaki la Feri. Imesimama kwanza, kwa sababu ya mwani wa Zanzibar. Spinosamu, aina mojawapo ya mwani huo, hutoa karagini (kigandishaji kingine cha mwani) ya aina ya iota, nayo inaganda kwa kalsiamu hiihii, beseni lilelile! Ugumu ni kwamba lazima iyeyushwe kwa moto, kwa hiyo mafuta yatiwe ikishapoa lakini kabla haijaganda. Mwani mkavu umeshalowekwa kwenye maji ya mvua. Yanabadilishwa kila baada ya saa mbili mpaka TDS ishuke chini ya 200, maana sodiamu ya bahari ikibaki humo, tunarudi kulekule kwenye kikombe cha kati.