Moto umekula na nyasi za paa

Kaskazini mwa Uganda moto wa nyika hushika kasi Januari na Februari, nyasi zikiwa zimekauka na upepo hautulii. Mvua hurudi mwishoni mwa Machi. Boma lililoungua katikati ya Februari lina kama wiki sita, na jambo linalosahaulika siku zile za pole na michango ni kwamba nyasi za kuezekea nazo zimeteketea. Nyingine hazitakomaa hadi Desemba.

Kwa hiyo tafuteni nyasi kwanza, kuta baadaye. Nyumba ya duara yenye upana wa mita 4, paa likitokeza sentimita 60 nje ya ukuta kwa mteremko wa nyuzi 45, ina takriban mita za mraba 30 za kufunika. Kwa unene wa sentimita 20, hizo ni mita za ujazo 6 za nyasi zilizobanwa. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kukodi lori, maana nyasi zitatoka mbali, kwenye vijiji ambavyo moto haukufika, na muuzaji anajua mna shida. Kama boma lina nyumba nne, ezekeni moja ipasavyo, zile tatu zipate turubai. Kugawa nyasi kidogo kidogo ili kila nyumba ipate paa la sentimita 8 ni huruma itakayovuja Aprili nzima.

Kuta zilizopitiwa na moto hudanganya, kwa kuwa udongo ulioungua huonekana mgumu kuliko zamani. Angalieni juu ya mlango: kizingiti cha mti kikiwa kimeungua, udongo ulio juu yake hauna kinachoubeba. Kama ukuta ni wa fito, ugongeni. Ukilia utupu, fito zimekwisha ndani, bomoeni. Ukuta wa matofali mabichi unaweza kuokolewa, ila usipovikwa kitu kichwani, mvua mbili tatu zitauyeyusha. Hata bati lililojikunja kwa moto linafaa kazi hiyo.

Ghala nalo lina mtego wake. Mtama uliokuwa katikati mara nyingi hutoka bila alama yoyote. Kula, unalika. Kuupanda ni habari nyingine, kwa sababu joto huua kiini cha mbegu bila kubadili rangi ya punje. Chukua punje 100, zikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, weka kivulini, na baada ya siku 5 hadi 7 hesabu zilizochipua. Zikifika 80, panda. Zikiwa 60, ongeza mbegu kwenye kila shimo. Chini ya 50, peleka jikoni. Asiyepima hupanda Aprili, husubiri wiki mbili shamba likiwa kimya, kisha hununua mbegu mpya wakati mvua imeshakwenda.

Muhogo una nafuu. Shina huungua, mizizi ikabaki salama ardhini. Lakini shina likianza kuchipua upya hula wanga wa mizizi, na muhogo huwa na nyuzinyuzi, haupikiki. Basi uliokomaa ung'oeni mapema, mmenye na kuukausha. Muhogo mchanga uacheni uchipue. Pando zitoke kwenye shamba lisiloungua na lisilo na ugonjwa wa batobato: urefu wa sentimita 25 hadi 30, macho 5 hadi 7, nafasi ya mita 1 kwa 1. Ekari moja hula pando 4,000 hivi.

Ng'ombe wakaguliwe chuchu na kwato kila siku kwa wiki mbili, maana kwato iliyoungua huweza kuachia siku kadhaa baadaye. Na msiwakimbize kwenye majani mabichi yanayochomoza baada ya moto. Yakitafunwa yakiwa mafupi, mizizi hufa na mvua hubeba udongo.

Karatasi ni kazi ya asubuhi moja: picha kabla ya kusafisha majivu, orodha ya vilivyoungua, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha gombolola, ofisi iliyo chini ya wilaya. Misaada ya maafa ya serikali iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na ombi hupitia wilayani.

Imebaki miti. Wanunuzi wa makaa hawachelewi kufika, wakisema shea, mti wa njugu za mafuta, ikiungua imekufa, bora iuzwe. Amri ya rais ya mwaka 2023 imepiga marufuku biashara ya makaa kaskazini, na isitoshe, shea ina gome nene linalohimili moto. Maua yameungua, kwa hiyo mafuta ya mwaka huu hakuna. Kwangua gome kidogo kwa kisu. Ukikuta unyevu chini yake, mti uko hai. Ukikuta pakavu, usikate bado. Ngoja hadi Mei, ukwangue tena upande wa pili.