Krauni mbili zimegoma kukaa, kumbe skana haina kosa

Mimi ni daktari wa meno. Nilipoanza kuskani mdomoni kwa skana, kile kikamera kinachopiga picha za jino, badala ya kuchukua vipimo vya krauni (kofia ya jino) kwa silikoni, mwenzangu aliyenitangulia aliniambia, "Kaka, we pitisha tu, ukiona tundu kwenye skrini rudia, picha zikiwa nyingi programu inajaza yenyewe." Ushauri huo umenitesa kweli, na mpaka leo nikisikia mtu anaufundisha nakasirika.

Mgonjwa alikuwa mama mtu mzima, gego la chini kule nyuma kabisa. Nikachonga, nikaskani, kwenye skrini limependeza, faili nikatuma kwa fundi wa maabara. Krauni ikarudi, naiweka, upande mmoja inakaa upande wa pili inanyanyuka. Nikapitisha ncha ya sondi, kile chuma chembamba cha kupapasia, taratibu kuzunguka ukingo pale krauni inapokutana na jino, upande wa shavu ikateleza vizuri, kule nyuma ikazama. Kipimo ambacho wengi tunakishika tangu utafiti wa 1971 ni pengo lisizidi mikroni 120, yaani hata nywele mbili za kichwa zikilala pamoja zinaweza kuzidi hapo, na likiwa kubwa simenti inabaki wazi, inaliwa, bakteria wanaingia chini kimyakimya.

Mama akasema, "Dokta mwanangu, niambie ukweli, imekaa?" Nikamwambia haijakaa.

Nikaskani upya, safari hii nikarudia kila penye giza mara nyingi kama nilivyofundishwa. Ya pili ikaja mbaya kuliko ya kwanza! Zote mbili nililipia mimi maabara, na si hela ndogo.

Usiku nikakaa na lile faili, nikazima rangi. Jamani zimeni rangi, ile rangi nzuri ndo inadanganya macho. Ikabaki sura tupu ya kijivu, na kule nyuma badala ya kona kali ya ukingo nikakuta mteremko laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Fizi ilikuwa imelalia ukingo, mate yamejaa pale, skana imechukua uso wa mate ikadhani ni jino, na pale isipoona kitu programu imekisia. Kila nilivyorudia nikawa naongeza uchafu juu ya uchafu. Skana inaona tu, haiwezi kujipenyeza chini ya fizi kama silikoni laini.

Mara ya tatu ndo nilifanya hivi, na najivunia. Kwanza nikaskani taya upande ule wote, meno ya juu na namna anavyouma, bila haraka. Halafu kwenye skrini nikafuta eneo la lile gego peke yake. Nikaweka uzi mwembamba wa kusukuma fizi chini kwenye mfereji wa fizi, juu yake mnene, nikasubiri kama dakika tano, nikaulowesha ule wa juu kabla ya kuuvuta maana ukiuvuta mkavu unachana fizi na damu inaharibu kila kitu. Ule mwembamba ukabaki. Nikapuliza hewa kukausha, taa ya kiti nikaigeuzia pembeni, nikapita juu ya gego mara moja, upande wa ulimi, upande wa shavu, basi, sekunde chache tu kabla mate hayajarudi. Ukingo ukatoka umesimama kama ukucha.

Krauni iliingia bila kusukumwa. Mama akauma, akauma tena, akasema, "Sasa hili ni langu."

Ila msije mkadhani nasema skana inafaa kila mahali. Nilichukua modeli ya plasta, nikatoboa vitone kwenye magego ya mwisho kulia na kushoto, nikaiskani taya nzima mara tano nikawa napima kwenye kompyuta. Gego moja moja yalifanana mara zote tano, lakini umbali kutoka gego la kulia mpaka la kushoto ulikuwa unacheza kila mara, kwa sababu skana inaunganisha kapicha na kapicha na kila muungano unabeba kosa dogo, ukifika upande wa pili yamejumlika. Kwa krauni moja au daraja fupi (meno bandia yaliyoungana) naskani bila wasiwasi, ila daraja la taya nzima juu ya vipandikizi, zile skrubu za kwenye mfupa, bado natoa silikoni yangu, na anayenicheka anicheke. Kukalibreti skana, yaani kuiweka sawa ipime kwa usahihi, nako msisahau, hasa ikihamishwa.

Fundi wa maabara alikuwa ananipigia kila wiki, "Dokta, ukingo uko wapi hapa?" Siku hizi ananipigia kusema kazi iko tayari.