Mseto wa Kungojea Treni

Ugali haungoji mtu. Ukishaepuliwa unataka mikono iwe imekwisha kunawa, na ukicheleweshwa nusu saa tu unavaa ngozi juu, unakuwa mgumu pembeni, na mboga inaganda mafuta kwenye bakuli. Nililijua jambo hili mapema kuliko watoto wengi kwa sababu baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo kati ya Tabora na Kigoma, na treni za mizigo hazikuwa na saa. Aliweza kufika adhuhuri, aliweza kufika usiku wa manane, na mara moja nakumbuka alifika siku ya pili yake akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kwa hiyo siku ambazo baba alikuwa njiani kurudi, mama hakusonga ugali. Alipika mseto.

Nieleze neno hili kabla sijaendelea, maana najua watu wa pwani watanisahihisha. Kwao mseto ni mchele uliopikwa pamoja na choroko, na hawakosei. Nyumbani kwetu, katika kota za reli mjini Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, mseto ulikuwa mihogo, maharage, ndizi za kupika na dagaa, vyote ndani ya sufuria moja, vikiwa vimelazwa tabaka juu ya tabaka na kufunikwa kwa jani la mgomba. Sijui kama mama alilitoa jina hilo kwa mtu mwingine au alilibuni mwenyewe, lakini sisi watoto sita tulikua tukiamini kwamba hakuna mseto mwingine duniani.

Mihogo ilikaa chini kabisa, ikiwa imemenywa, imepasuliwa na kutolewa ule uzi mgumu wa katikati. Juu yake mama alimimina maharage ya njano kutoka Kasulu, yaliyolowekwa tangu jana yake na kuchemshwa hadi yakaribie kuiva, pamoja na mchuzi wake. Hakuyatia nyanya mapema, kwa sababu ukali wa nyanya huyafanya maharage yakatae kulainika hata ukiyachemsha siku nzima. Kisha zilifuata ndizi, na juu ya ndizi dagaa waliokaangwa kwa mawese, kitunguu na nyanya, ambao mafuta yao mekundu yalishuka taratibu katikati ya matabaka mpaka yakaifikia mihogo. Mtu akipakua kwa haraka kutoka juu, anakula dagaa na ndizi tu. Upakuaji wa mseto unataka mwiko uzame hadi chini na kuinuka na kila kitu.

Mawese yalikuwa na adabu yake. Mama aliyaweka jikoni yachemke kiasi cha kuondoa harufu ya ubichi, lakini aliyaepua kabla hayajabadilika rangi, kwa kuwa mawese yakiunguzwa sana yanapoteza wekundu wake na chakula kinatoka kimepauka kama cha mgonjwa. Asubuhi za Juni na Julai yaliganda ndani ya chupa, na kazi yangu ilikuwa kuipeleka chupa juani na kuilinda dhidi ya kuku. Miaka ile mafuta ya kupikia na sabuni viliadimika karibu nchi nzima, na jamaa zetu wa mikoa mingine walituandikia barua za kuulizia mawese kabla hata ya kutuulizia afya. Sisi tulikuwa na michikichi. Sitadai kwamba tulikuwa na neema, maana sukari tulikuwa tukiisikia tu, lakini mseto wetu haukuwahi kukosa wekundu wake.

Dagaa ndio waliotegemea mbingu. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, siku hizo zikiwa karabai, kwa sababu dagaa huufuata mwanga na kukusanyika chini yake. Mbalamwezi ikitawala, mwanga wa taa hauna nguvu tena, na wavuvi hupumzika hadi giza lirudi. Kutoka mlangoni kwetu tuliziona taa hizo usiku wa giza zikiwa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine, na tulijua kwamba kesho yake kwenye mwalo wa Kibirizi kutakuwa na dagaa wa bei nafuu. Zilipotoweka, mama alifungua kopo la karanga ambazo baba alizileta kutoka Tabora, akazikaanga, akazitwanga, akazinyunyiza mahali pa dagaa. Kwa hiyo kulikuwa na mseto wa giza na mseto wa mbalamwezi, nami, pamoja na mapenzi yangu yote kwa ziwa, niliupenda zaidi ule wa mbalamwezi. Kaka yangu mpaka leo anauchukulia msimamo huu kuwa ni usaliti.

Chumvi nayo ilisafiri kwa treni. Ilitoka Uvinza, ambako maji ya chumvi yamekuwa yakichemshwa tangu zamani za biashara ya misafara, na baba aliishusha kila alipopata nafasi. Nikiifikiria sasa sufuria ile, naona kwamba nusu ya vilivyomo vilishuka kwenye behewa na nusu ilitoka majini, na kwamba mpishi wake alikuwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakusafiri kwa treni zaidi ya mara tatu maishani mwake.

Baada ya sufuria kujaa ndipo kungoja kulipoanza. Mama aliukaza mfuniko, akapunguza mkaa chini ya jiko, kisha akachukua makaa machache kwa koleo na kuyapanga juu ya mfuniko. Kupalia huku kila mpishi wa wali anakufahamu, lakini wengi hukufanya kwa robo saa tu. Mama aliweza kuupalia mseto saa nne au tano, akiongeza kaa moja hapa na kuondoa jingine pale, bila chakula kuungua wala kupoa. Kipimo chake kilikuwa habari za njiani. Alinituma stesheni, umbali wa dakika chache, nimuulize karani treni ya mzigo imefika wapi, kwani stesheni zilipeana taarifa kwa simu. Nilirudi nikikimbia na jina moja tu mdomoni. Nikisema Nguruka, mama alipunguza makaa na kutuambia tulale kidogo. Nikisema Uvinza, aliongeza. Nikisema Kazuramimba, alikunjua mkeka.

Kuna usiku mmoja nilioharibu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, njaa ilikuwa imenishika, na mama alikuwa amekwenda kwa jirani kuazima kibatari. Niliinua mfuniko kwa kitambaa ili nichomoe kipande cha ndizi. Makaa yaliteleza, mawili yakaanguka sakafuni, na majivu yote yakamwagika ndani ya mseto. Nilifunika haraka nikajilaza kama niliyekwisha kusinzia. Mama aliporudi aliyaona makaa sakafuni, akafungua, akatazama, akatoa kijiko kimoja baada ya kingine cha tabaka la juu bila kusema neno. Kimya kile nilikiogopa kuliko fimbo. Baba alipofika na sinia likawekwa, sote tulisikia majivu yakilia menoni. Alitafuna, akameza, akamgeukia mama na kumwambia kwa upole, “Mama Aisha, safari hii chumvi ya Uvinza imekuja na udongo wake.” Mama alicheka hadi akaweka tonge chini. Nilikiri kosa langu siku ya ndoa yangu, mbele ya wageni, nikaambiwa kwamba walijua wote wawili.

Usiku wa mseto ulikuwa na desturi yake. Kwa kawaida baba alikula na kaka zangu barazani, na sisi wasichana tulikula jikoni na mama na bibi. Lakini saa sita za usiku hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugawa chakula sehemu mbili, hivyo tulikaa wote kwenye mkeka mmoja kuzunguka sinia moja. Tulimwamkia baba tukiwa na usingizi, “Shikamoo baba,” naye aliitikia, “Marahaba wanangu, hamjalala tu?” ilhali alijua kwamba tulikuwa macho kwa ajili ya sufuria kama vile kwa ajili yake. Mwisho kabisa ulikuja ukoko, ile mihogo ya chini iliyogeuka rangi ya kahawia na kunywa mawese yote, ambayo bibi aliikwangua na kuigawa kwa haki yake mwenyewe. Haki hiyo ilimpendelea mdogo kuliko wote, na mimi sikuwa mdogo kuliko wote.

Sikuwaza kwamba watu wengine nao wana chakula cha kungojea hadi miaka ya 1990, nilipokuwa karani katika ofisi ya misaada kwa wakimbizi huko Kasulu. Mfanyakazi mwenzetu mmoja, mama wa makamo kutoka Minnesota nchini Marekani, alitualika akatupikia kaseroli, neno ambalo kwa Kifaransa lilikuwa kwanza jina la chombo kabla ya kuwa jina la chakula chenyewe. Alipanga tambi, samaki wa kopo na supu nzito ya uyoga, nayo ya kopo, katika bakuli la kioo, akanyunyiza makombo ya mkate juu na kuliingiza kwenye oveni. Alitueleza kwamba kwao ile inayojulikana zaidi ni ya maharage mabichi, iliyobuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly katika jiko la majaribio la kampuni ya Campbell. Kwa kweli haikunivutia sana. Uyoga wa kopo kwa mtu ambaye huokota uyoga porini mvua za kwanza zinaponyesha ni jambo la kumsikitisha. Lakini aliposema kwamba kwao chakula hicho hupelekwa kwenye nyumba zenye msiba na kwa mzazi aliyejifungua, na kwamba mama yake alikiacha ndani ya oveni usiku wa theluji mpaka baba yake arudi kutoka shambani, niliomba nyongeza. Nilimweleza kuhusu makaa juu ya mfuniko. Aliniambia nichore, nikachora nyuma ya fomu ya ghala.

Sasa ninaishi Mwanga, mtaa wa hapa hapa mjini Kigoma, na jiko la gesi ninalo, ila moto wake unatoka chini tu. Kwa mseto nimelibakiza jiko la mkaa, nje, chini ya mwembe. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa wavuvi kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, nilizirudia karanga za Tabora, na kaka yangu akala akilalamika, akaomba tena.

Ijumaa iliyopita kijana wangu alikuwa akija kwa basi kutoka Tabora. Alinipigia saa mbili usiku kusema wamefika Uvinza, nami nikaongeza makaa matatu bila hata kufikiri. Basi liliharibika tairi baadaye, akafika karibu saa saba. “Shikamoo mama,” alisema, akalitua begi mlangoni na kwenda moja kwa moja chini ya mwembe na kitambaa mkononi. Nilimwambia auache mfuniko ule mahali pake. Nikachukua koleo.