Siku ya ziwani Mwanza: anza na upepo

Ziwa Victoria halina mawimbi ya kuteleza kwa ubao kama ya bahari. Anayekuja Mwanza kutafuta ufukwe wa kupumzika hukuta miamba mikubwa, maji baridi yasiyo na chumvi, na upepo unaobadilika kwa saa. Wengi huharibu siku kwa kufika saa nane mchana, ndipo waulizie mtumbwi na kuagiza samaki. Wakati wa vyote viwili huwa umeshapita.

Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ya ziwani huingia kuchukua nafasi yake. Asubuhi ikishakomaa upepo huanza kuvuma, na ikifika alasiri maji yamechafuka, hasa pale pasipo na kisiwa wala rasi ya kukinga. Usiku mambo hugeuka: mvua nyingi za radi huzaliwa juu ya ziwa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Kwa hiyo miezi ya masika, Machi hadi Mei, ukiona wingu jeusi ziwani asubuhi usipande chombo, hata kama nchi kavu kumetulia.

Kazi ya majini ifanyike kati ya saa 1:30 na saa 3:30 asubuhi. Hapo maji yametulia, jua limeshatoka kiasi cha kuona chini, na kuna sababu nyingine kubwa zaidi: kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, na hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi iliyochelewa hadi mchana. Konokono hao hupenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani. Kwa hiyo ukikuta matete, gugumaji, au mahali watu wanapofulia na kuoga, usiingie. Kujifuta taulo kwa nguvu mara tu utokapo husaidia kidogo, lakini si kinga. Kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, jioni ileile pia hakufai, kwa sababu dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, siyo michanga. Pima baada ya wiki 6 hadi 8. Kwa watoto, napendekeza bila kusita bwawa la kuogelea la hoteli ya ufukweni. Waulize wavuvi wa pale kuhusu mamba na viboko, na jibu lao ulitii.

Asiyetaka kulowa aende kisiwa cha Saanane. Boti huondoka kwenye ofisi ya hifadhi kule Capri Point, na mwendo ni wa dakika chache. Kisiwa hiki kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, kikawa Hifadhi ya Taifa 2013. Ni kidogo, hifadhi nzima pamoja na maji yake ni takriban kilomita 2 za mraba, na nusu siku inatosha kuona pimbi, swala pala na ndege. Vaa viatu vyenye soli ya mpira inayoshika, maana mwamba ukilowa huteleza vibaya. Beba kitambulisho, kwani kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa kabla boti haijang'oa nanga. Likiwekwa chini ya kiti halina kazi.

Sato wa kuchoma aagizwe kabla hujakaa, kwani ufukweni huweza kuchukua saa nzima. Nenda jikoni umchague mwenyewe: macho maangavu, mashavu mekundu kwa ndani, na tumbo linalorudi ukilibonyeza. Wa nusu kilo humtosha mtu mmoja. Ukichoma mwenyewe, mpare magamba, mtoe matumbo, mchanje mara tatu kila upande, kisha mpake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi kwa dakika 20. Ndimu ikizidi muda huo nyama hulegea na kumeguka. Subiri mkaa ufunikwe na majivu, wavu upate moto na upakwe mafuta, halafu mwache dakika 10 bila kumgusa. Wengi humgeuza mapema, ngozi ikabaki kwenye wavu. Sangara ana nyama nene isiyo na miiba midogo, ila akikaa motoni sana hukauka; mimi ningebaki na sato, ugali na kachumbari.

Upepo wa mchana hudanganya. Uko karibu na ikweta, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ngozi huungua bila kuhisi joto. Kofia na kivuli, basi.

Jua huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni, kutegemea mwezi, na Capri Point ni mahali pazuri pa kulitazama. Ukitaka kuona taa za wavuvi wa dagaa, chagua usiku usio na mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti dagaa na mitumbwi mingi hubaki mwaloni. Ukiona wingu kama moshi likisogea kutoka ziwani, ni wadudu wadogo wa maji. Hawaumi, lakini hufuata mwanga, kwa hiyo zima taa ya baraza na ufunike chakula.