Miti niliyoijua kwa mbao

Baba yangu alikuwa seremala Ngamiani, Tanga, na tangu nikiwa mdogo niliweza kuitaja mbao kwa harufu nikiwa nimefumba macho. Mvule, mkangazi, mninga, na mkulo wenye ile harufu ya kafuri isiyotoka kabatini hata miaka ipite. Bei nazo nilizijua: mbao ya inchi moja kwa nane, ya mbili kwa sita, futi ngapi shilingi ngapi. Lakini mti wenyewe ukiwa umesimama, ukiacha mwembe na mwarobaini wa uani, sikuwahi kuuona. Kwetu mti ulianzia kwenye rundo la mbao.

Mwaka 1998 shemeji yangu, aliyekuwa akifundisha huko juu Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, aliniita nikamtembelee. Msitu wa Amani ulikuwa umetangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka mmoja tu nyuma, wa kwanza wa aina hiyo Tanzania, na yeye alikuwa akiuzungumzia kama vile kaupanda mwenyewe. Basi kutoka Muheza lilijaa mpaka mlangoni. Tukapita michungwa, tukapita Kisiwani, barabara ikaanza kupanda kwa kona juu ya kona, na kila kona baridi ikaongezeka. Nilikuwa na shati moja jepesi la mtu wa pwani. Mama mmoja aliyeketi karibu yangu alinitazama, akacheka, akanifunika upande wa kanga yake.

Asubuhi shemeji alinikabidhi kwa mzee mmoja aliyekuwa akitembeza wageni. Koti la suti lililochakaa, mabuti ya mvua, panga mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa fundi?"

Kumbe naye ujanani alikuwa mpasuaji mbao. Tukielekea msituni alinieleza kazi ilivyokuwa: gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwenzake anashuka chini, na msumeno mrefu unakwenda baina yao kutwa nzima. Wa chini ndiye aliyeumia, maana unga wote wa mbao ulimwingia machoni. Wakimaliza, mbao zinabebwa kichwani kushuka mlima. Kisha zikaja mashine za kampuni ya mbao, na kazi iliyowachukua wao mwezi ikawa ya siku moja. Uvunaji huo mkubwa ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Alisema hivyo bila kusikitika wala kufurahi, akaendelea kufyeka njia.

Mti wa kwanza mkubwa tulioukuta aliupita bila hata kuutazama. Mimi nikasimama, shingo imepinda, maana kilele sikukiona.

"Huu je?"

"Msizi. Mgeni huyo."

Msizi uliletwa na Wajerumani. Walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakajaribu kila mti waliousikia duniani, kuanzia mkwinini mpaka mikaratusi, na mingi ikabaki bustanini ilikopandwa. Msizi, ambao kwao ni upande wa Ziwa Viktoria, haukubaki. Ndege hondohondo wanayapenda matunda yake, wanayameza na kuzitapika mbegu waendako, na kila mahali kampuni ilipofungua mwanga kwa kukata, msizi uliota upesi kuliko wenyeji. Kwa hiyo msitu unaweza kuwa mrefu na wa kutisha, mgeni akauita wa kale, kumbe umri wake haufiki wa babu yake. Sidhani ningelijua hilo kwa kusoma bango la getini.

Tulivuka kijito ambacho kwenye mwamba wake uliolowa yaliota maua madogo ya zambarau, yale ambayo Ulaya huwekwa dirishani. Mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao, na mwaka 1893 yakapewa jina lake. Mzee aliyaonyesha kwa ncha ya panga tu. Haraka yake ilikuwa kwenye mtambara.

Mtambara ni mti wa ukoo mmoja na kungumanga. Huo tulioufikia ulikuwa na mizizi iliyoinuka kandokando ya shina kama kuta, mtu akiingia kati yake haonekani, na juu yake shina likaenda moja kwa moja bila tawi hata jicho likachoka. Nilitoa futikamba ya baba mfukoni. Sikuweza kujizuia. Nikapima upana wa upande mmoja pale nilipofikia, nikaanza kupiga hesabu kichwani: moja kwa kumi ngapi, zikatwe namna gani, milango mingapi.

Mzee akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Sasa tazama chini."

Alichuchumaa, akasogeza majani makavu, akanionyesha kijiti chembamba kuliko kalamu, chenye majani machache ya kijani kilichoiva. Akasogea hatua mbili, akanionyesha kingine. Na kingine.

"Watoto wake. Wanangoja mkubwa mmoja aanguke wapate jua. Huyu namjua tangu anaota. Rika lake ni kitinda mimba wangu, na kitinda mimba wangu ameshaoa."

Kijiti chenyewe hakikunifika gotini.

Njia ya kurudi ilipita kwenye iliki. Huko miti mikubwa ilikuwepo vilevile, imeachwa iwe kivuli, na harufu ilikuwa nzuri hata nikasahau baridi. Safari hii nilitazama chini mwenyewe. Iliki tupu, imepaliliwa safi, hakuna kijiti. Wale wakubwa juu yetu hawakuwa na mtoto hata mmoja. Nilimwambia mzee, akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani alikuwa akisubiri nione.

Tulipofika barabarani aliniuliza baba siku hizi anapata wapi mvule.

"Sijui, mzee. Huwa zinakuja kwa lori, usiku."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Siku zikija mchana," akasema, "uniletee habari."