Mkalimani wa kimya

Jana kwenye kikao cha familia nilijikuta tena natafsiri. Siyo maneno, kimya. Upande wa baba, mtu akinyamaza baada ya kuulizwa jambo, anakuheshimu: analipima kwanza. Upande wa mama, kimya hichohicho ni kununa. Mjomba akauliza, baba mdogo akanyamaza, nyuso zikaanza kukunjamana. Nikadakia, "Mjomba, hajakasirika, anafikiri." Wakacheka wote, baba mdogo akiwa wa kwanza.

Nimelelewa nchi isiyo ya baba wala ya mama. Mwanasosholojia Mmarekani Ruth Hill Useem alitupatia jina sisi tuliolelewa hivyo, miaka ya 1950: watoto wa utamaduni wa tatu. Jina zuri, ila halinisaidii nikiulizwa "kwenu wapi?" Hapo huomba kiti kwanza, maana jibu ni refu.

Kila tarehe 21 Mei, siku ya Umoja wa Mataifa ya kuenzi tamaduni mbalimbali, watu hubandika picha za mavazi na ngoma. Zinapendeza, sikatai. Lakini mavazi hayajawahi kunigombanisha na mtu. Mwaka huu nitawauliza marafiki zangu swali moja tu: wewe ukinyamaza, huwa unasema nini?